Bado Kitu Kimoja Kwenye Gari

Afungi, Alhamisi jioni, mwezi wa saba. Ni mwezi wa tatu tangu nitoke nyumbani.

Zaituni mwanangu,

Nakuandikia nikiwa mzima, ila mabega. Leo tumebeba mabomba ya majukwaa tangu asubuhi, basi ukiona mwandiko umepinda usinicheke. Darasa nililoishia unalijua, na hata hilo la nne nilikaa dirishani nikiangalia nje. Nimeketi kwenye benchi nyuma ya chumba cha kufulia. Hapa ndipo penye taa nzuri, na wacheza karata hawafiki.

Kesho unaondoka Mute kwenda Mueda kuanza ualimu, na mimi sitakuwepo. Kutoka hapa hadi kwetu mtu mwenye baiskeli nzima anafika kabla ya chakula cha mchana, lakini ukishaingia geti la kambi ya ujenzi hutoki mpaka zamu yako iishe. Niliomba ruhusa. Mkubwa wetu akaniuliza, "Kuna msiba?" Nikamwambia hakuna msiba, binti yangu anasafiri. Akasema, "Basi hongera," akaendelea na kazi yake.

Barua hii nampa Shabani, yule kijana anayeleta mboga jikoni kwetu. Leo amechelewa kupakua, analala getini ndani ya gari lake, na alfajiri anarudi huko. Atakukuta hujafunga mizigo. Mambo ya kula, kuvaa, kuswali na kuchagua marafiki mama yako ameshakwambia, na yaliyobaki atayasema ukiwa umeshashika njia. Mimi sina la kuongeza hapo. Nakuandikia kwa sababu ya lile swali lako la Jumapili, ambalo nililikatia simu.

Labda wewe umeshayasahau maneno yenyewe. Mimi nayakumbuka, nimekuwa nikiyabeba pamoja na mabomba wiki nzima.

"Baba, breki za mbele za gari nimefunga."

"Nani kakwambia ufunge?"

"Vifaa si ulimpa Shabani alete?"

"Nilimpa avilete vikae. Nikirudi nifunge mwenyewe."

"Kumbe! Mimi nilidhani breki, kumbe mapambo ya kabatini."

"Mestre Fernando alikuwepo?"

"Alikuwepo. Amekaa juu ya ndoo anatafuna mihogo, spana hakugusa. Baba, Ijumaa naondoka. Niende nalo au niliache? Kule shule iko mbali na mji, ni kila siku kwenda na kurudi. Ukisema niliache, nitamwachia mama ufunguo. Sitanuna."

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nikate. Ungesema utanuna ningepata cha kugombana nacho.

Kwenye simu mimi ni mkali na mfupi, unanijua. Kwa kalamu sina budi kwenda polepole, kwa hiyo nitakujibu polepole, na jibu utalipata mbele. Usiruke.

Unakumbuka lilivyokuja. Bi Somoe, mjane wa mlinzi wa lile shamba kubwa la minazi, ndiye aliyekuwa nalo. Mreno mwenye shamba aliliacha alipoondoka wakati wa uhuru: gari la milango miwili, refu pua, fupi nyuma, limetengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye lami na mwenye haraka. Sisi hatukuwa na lami wala haraka. Kuku wa Bi Somoe walikuwa wanatagia kiti cha dereva. Nilipomwomba aniachie, aliniangalia kama mtu aliyeomba kisima.

"Gari gani? Hilo ni banda. Ukilichukua, kuku wangu watalala wapi?"

Nikamjengea banda jipya lenye mlango wa waya, na hiyo ndiyo bei niliyotoa. Tulilivuta kwa kamba, mimi na vijana wa jirani, wewe ukiwa ndani umeshika usukani na kuku mmoja aliyekataa kushuka. Kwa muda mrefu pale Mute watu waliniita Bwana Kuku, na mama yako aliitwa Bibi Kuku, na hilo hakunisamehe haraka.

Sasa nikwambie upumbavu wangu wa kwanza. Kitu cha kwanza nilicholitafutia gari lile kilikuwa honi. Injini ilikuwa imeganda, matairi yamepasuka, sakafu unaona mchanga chini, lakini lilikuwa linapiga honi. Baada ya honi nikatafuta rangi nyekundu. Baada ya rangi nikatafuta vifuniko vya magurudumu vinavyong'aa. Watoto wa kijiji walikuwa wanajipanga kubonyeza honi, na mimi nilisimama pembeni nimevimba kama mtu aliyerudi kutoka Maputo. Lilikuwa halijasogea hata hatua moja kwa nguvu zake.

Mestre Fernando ndiye aliyenitoa huko. Wakati ule alikuwa ndiyo kwanza ameteremka kutoka Mueda, ameweka ofisina yake ya mabati, ya kutengenezea magari, pale barabarani. Mtu wa bara, Mkristo, maneno machache. Aliliangalia gari, akalizunguka, akaniuliza, "Unataka la kutazamwa au la kwendea sokoni?"

Nikamwambia, "Yote mawili."

"Basi anza na la sokoni. La kutazamwa unalo tayari."

Akaanza na kabureta. Lilikuwa na kabureta mbili, na ilibidi kila wiki uzisikilize kwa mpira sikioni zivute sawasawa. Moja ikizidi mwenzake gari linakohoa. Akazitoa zote mbili akaweka moja ya pikapu kuukuu. Nilinuna siku nzima. Niliona kama amelikata gari ulimi, kwa sababu mbio zile alizokuwa nazo yule Mreno zilikwenda na zile kabureta mbili. Lakini asubuhi yake likawaka. Na asubuhi ya pili likawaka. Mama yako akaenda nalo kununua unga na kurudi, akasema ni kitu kinachofaa. Kwa mama yako hiyo ni sifa kubwa.

Kisha kikaja kipindi kile cha vita. Habari za kukimbia sizielezi, ulikuwepo, na usiku mwingine nakuona bado unakiota. Nataka kusema juu ya mashimo tu. Wiki zile za mwisho kila mtu alikuwa anachimba nyuma ya nyumba. Watu walizika masufuria, walizika mabati, mama yako alizika cherehani yake imevikwa turubai kama maiti. Na mimi nikaitoa kabureta na betri nikazizika. Injini sikuweza kuitoa. Nikafikiri, kutu itaingia. Nikachukua debe zima la mafuta ya nazi la mama yako, nikaifungua ile mishumaa ya injini inayotoa cheche, nikamimina mafuta ndani mpaka yakajaa. Kwani mafuta ya nazi sisi ni wapi hatupaki? Tunapaka nywele, tunapaka panga, tunapaka bawaba za mlango, mtoto akizaliwa tunampaka. Nikaona nimefanya jambo la akili. Juu ya gari nikatupa makuti na mavi ya kuku ili asilitamani mtu.

Tuliporudi, nyumba haikuwa na paa. Cherehani ilikuwa nzima. Na gari lilikuwepo, hakuna aliyelitamani. Nikafukua kabureta, nikafunga betri nyingine, nikaenda kumwita Mestre Fernando, naye alikuwa amerudi siku chache tu kabla yetu. Injini haikuzunguka. Tukaweka gia, tukasukuma watu sita, magurudumu yakaburuzika mchangani. Akatoa mshumaa mmoja, akaingiza kidole, akanusa. Alinusa mara mbili.

"Ndugu yangu," akasema, "umeipikia injini wali wa nazi."

Mafuta yalikuwa yamechacha na kugeuka ulimbo. Pistoni zimeshikwa kabisa, na sisimizi walikuwa wameingia hadi kwenye bomba la moshi. Tuliziloweka kwa mafuta ya taa, tukagonga taratibu kwa kipande cha mti, tukaloweka tena. Wewe ulishika tochi. Ile harufu ya vitumbua vilivyooza ilikaa kwenye nguo zangu mpaka mama yako akazitoa nje ya nyumba, nami nikiwa nimezivaa.

Mimi sikuwa na aibu kwamba sikujua. Sikufundishwa. Kilichonikera ni kwamba Mestre alikuwepo wakati ule nazika, ofisina yake si mbali, ningeweza kumuuliza. Sikumuuliza kwa sababu nilikuwa nimeshawaonyesha watu kwamba gari ni langu na mimi ndiye ninayelijua. Naona umenizidi hapo. Wewe unauliza hata mambo ambayo unayajua, na mimi nilikuwa nakukaripia kwa hilo. Uendelee kuuliza.

Kosa la pili lilikuwa kubwa kuliko la nazi, ingawa halina harufu. Miezi ile tuliyokaa kwa watu huko Pemba, tukilala sita chumbani, nilikuwa nalijenga gari lile kichwani. Wengine walikuwa wanaota mashamba yao. Mimi nilikuwa nabadilisha dinamo. Basi tuliporudi na injini ikafunguka, na nikapata kibarua cha kwanza hapa Afungi, nilibadilisha kila kitu kwa wiki moja. Cheche za kisasa badala ya zile za vidude vya kugusana. Altaneta badala ya dinamo. Feni ya umeme kwenye rejeta. Springi za pikapu nyuma, ili liinuke mchangani. Siku ya Ijumaa nikaliosha, nikawasha.

Likatoa moshi chini ya dashibodi na likazima. Nikarudia, likapiga kishindo. Nikarudia, kimya. Na mimi sikujua nianzie wapi. Nilikuwa nimegusa mambo manne, yoyote kati ya hayo yangeweza kuwa na hatia, na kila nililoligusa tena nililiharibu zaidi. Nikamwita Mestre Fernando. Alikuja, akatazama, akakataa kushika spana.

"Toa vyote."

"Vyote?"

"Vyote. Rudisha kimoja. Tembea nacho mpaka ukisahau. Kisha njoo uniambie unataka kipi."

Nilimchukia. Lakini sikuwa na njia nyingine. Nikarudisha cheche peke yake, nikatembea nazo. Ndipo nilipojua kwamba asubuhi za baridi sihitaji tena kusugua vile vidude kwa msasa. Nikaja nikaweka altaneta, nikatembea nayo, nikaona kwamba taa hazififii tena nikipunguza mwendo. Halafu feni, na siku moja tukakaa kwenye foleni ya kituo cha askari jua kali, pikapu mbili mbele yetu zikachemka, sisi hatukuchemka. Mimi nilitaka kushuka niwaonyeshe watu. Wewe ukanishika mkono ukasema, "Baba, kaa."

Zile springi za pikapu ndizo nilizozitupa. Lilipanda juu, kweli, lakini lilikuwa linaruka kama mbuzi, na kwenye kona linainama. Tukaweka nyingine laini, likainuka kidogo tu, kiasi cha kupita kwenye mchanga wetu bila kukwaruza tumbo. Kidogo tu ndicho lilichokuwa linahitaji. Sikujua hilo mpaka nilipotembea na kikubwa.

Na breki. Hapa lazima nikutajie shamba la mihogo, maana najua mama yako amekusimulia kwa namna yake. Zilikuwa bado zile za drumu mbele na nyuma. Nilibadilisha viatu vya breki asubuhi ya harusi ya Quitunda, nikanawa mikono, nikavaa kanzu, tukaondoka. Sikujaribu. Barabara ni yetu, gari ni langu, mikono ni yangu, nijaribu nini? Tulipofika pale kwa Mzee Selemani mbuzi akavuka. Nikakanyaga. Gurudumu la kushoto likashika peke yake, na gari likaingia shambani kama limealikwa. Mama yako alikuwa na sinia la vitumbua mapajani. Akafungua mlango, akajitwika sinia, akasema, "Mimi nitafika," akaenda Quitunda kwa miguu. Hakikudondoka hata kimoja. Hajapanda tena tangu siku hiyo.

Tangu siku hiyo pia nilianza kusema bado kitu kimoja. Ulipopata karta yako ya udereva ukaniomba ufunguo, nikasema bado kitu kimoja, nibadilishe mipira ya petroli. Nilipobadilisha mipira, nikasema bado kitu kimoja, taa za nyuma. Ulipomaliza chuo cha ualimu nikasema bado breki za diski mbele, bila hizo haliendi Mueda. Hilo la breki lilikuwa kweli, ule mteremko wa Mueda niliushuka juu ya lori nikiwa kijana na najua ulivyo. Lakini yale mengine, Zaituni, gari lilikuwa linakwenda sokoni na kurudi tangu mvua za mwaka juzi. Nilijua likiisha utaondoka nalo. Basi sikuliacha liishe. Vifaa vya diski vilipofika kutoka Nampula nilikaa navyo chini ya kitanda changu hapa kambini muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilimpa Shabani avilete kwa sababu tu tulikatazwa kuweka vyuma vyumbani.

Kwa hiyo uliponiambia umefunga, niliona kama umeniibia. Nilikuwa nimejipangia siku yake. Ningefunga mimi, wewe ungeshika tochi, ningetoa hewa kwenye breki, ningekuita ukanyage, ningesema kanyaga, achia, kanyaga. Kisha ningekukabidhi ufunguo mbele ya mama yako, na wewe ungelia kidogo. Hiyo siku nimeipenda sana kichwani. Kumbe wewe ulimwita Mestre akukanyagie, ukawa chini wewe.

Leo jioni Shabani, wakati anapakua mchicha, nilimuuliza. Nilimuuliza kama mtu asiyejali. "Umemwona Zaituni na gari?"

"Nimemwona, baba mkubwa. Alikuwa anatutia wazimu. Anakwenda, anakanyaga breki katikati ya njia, anashuka, anagusa magurudumu kwa mkono. Anarudi, anakanyaga tena. Nikamwambia, dada, unaendesha au unaswali?"

"Akasemaje?"

"Akasema linavuta kushoto kidogo. Nikamwambia mimi sioni. Akanijibu, wewe unaendesha mchicha. Akapiga jeki pale pale, akafungua gurudumu, akarekebisha. Mara ya tatu likasimama mstari mmoja. Mestre alikuwa anacheka peke yake kwenye ndoo."

Nilichukua kreti mbili za nyanya kwa mpigo nikazipeleka jikoni, ingawa si kazi yangu. Sikutaka Shabani anione uso.

Jibu langu ni hili. Nenda nalo.

Halijaisha. Gia ya pili inagoma asubuhi mpaka injini ipate joto, mlango wa kulia unaingiza mvua, na kiti cha nyuma ni cha jina tu. Utayarekebisha unavyoona, kwa mpango wako, kimoja ukitembea nacho kwanza, au hata vinne kwa wiki moja kama kichwa chako kitakuwa kigumu kama changu. Ukitaka kulipaka rangi nyingine, paka, ile nyekundu nilichagua kwa ajili ya macho ya watu. Ukiona huko juu halikufai, barabara ni mbaya, vumbi ni jingi, na mtu akitokea na pikipiki nzuri mkabadilishana, badilisha. Nasema hilo kwa moyo mmoja. Nimeliandika mara mbili kwenye karatasi nyingine kabla ya kuliandika hapa, nione kama mkono utakataa. Haukukataa.

Mteremko sikufundishi. Umeshajaribu bila mimi, mara tatu, na ya pili hukuridhika. Mimi nilikuwa na umri wa baba wa watoto nilipoingia kwenye mihogo kwa kuridhika bila kujaribu hata mara moja.

Jambo moja tu la mama yako. Akisimama nje kesho na kukataa kuliangalia gari, usimbembeleze. Washa, mpungie mkono, nenda. Ataliangalia likishageuka kona, namjua.

Taa ya hapa wanakaribia kuizima. Nimesikia wanaita watu wa zamu ya usiku. Leo sikufanya kazi vizuri, niliangusha bomba moja na wenzangu wakaniuliza ninaumwa. Niliwaambia binti yangu anahama kwetu kesho. Mmoja, mtu wa Nacala, ana mabinti wanne, akachukua upande wangu wa mzigo mpaka mchana.

Zamu yangu inaisha mwishoni mwa mwezi wa nane, Mungu akipenda. Nitapita nyumbani, nitaoga, nitalala, nitakula nyumbani chakula kisichopigiwa kengele. Kisha nitapanda basi la chapa hadi Mueda, nishuke pale mwisho wa njia sokoni. Nitachagua Jumamosi ili usiwe na darasa. Njoo unichukue na gari lako. Nitaweka begi langu miguuni na nitakaa upande wa abiria, na tukifika kwenye kona nitanyamaza. Nitajitahidi ninyamaze.

Baba yako,
Amade